Jinsi ya kuchunguza fidla au selo ya kale iliyobadilishwa: mwongozo kwa anayeanza kazi ya makumbusho

Kila wanapoingia vijana wapya wa mafunzo stoo, maswali huwa yaleyale. Fidla hii ni ya mwaka gani? Lebo imeandikwa Stradivarius, ni kweli? Shingo hii ndiyo iliyozaliwa nayo? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, sasa nayaweka kwenye maandishi ili uyapitie ukiwa mezani, ala ikiwa mbele yako.

Jambo moja ulishike kabla ya yote. Fidla na selo (ndugu mkubwa wa fidla, mwenye sauti nzito) nyingi mno zilizotengenezwa kabla ya 1800 zimeshafunguliwa na kubadilishwa. Muziki ulihamia kumbi kubwa, mvutano wa nyuzi ukapanda, wachezaji wakataka kufikia sauti za juu zaidi. Mafundi wakang'oa shingo za zamani wakaweka ndefu zaidi, zilizoinamishwa nyuma, na ndani wakabadilisha boriti wakaweka nzito. Antonio Stradivari, fundi wa fidla wa mji wa Cremona, Italia, ambaye kwenye lebo jina lake huandikwa Stradivarius, alifariki 1737. Leo ukimwekea mbele fidla zake nyingi, angezitambua mbao na kichwa, lakini shingo, ubao wa vidole, daraja na boriti ya ndani angeviona vigeni. Viola yake ya tenor ya 1690 (viola ni ala kubwa kidogo kuliko fidla), aliyoitengenezea familia ya kitawala ya Medici na ambayo iko Galleria dell'Accademia mjini Firenze, inathaminiwa sana kwa sababu haikupitia mkono huo.

Kwa hiyo usikae mezani ukitafuta kasoro. Tafuta mfuatano: nini kilifanywa kwanza, nini kikafuata, na nini kinakuonyesha hivyo.

MAJINA NITAKAYOTUMIA

Uso ni ubao wa mbele wenye matundu ya f, yaani yenye umbo la herufi f. Mgongo ni ubao wa nyuma, mbavu ni kuta za pembeni. Nyuzi huanzia kwenye mkia, kipande kilicho chini ya daraja, hukaa juu ya daraja, hupita juu ya ubao wa vidole na kuishia kwenye vigingi, ndani ya kisanduku cha vigingi. Juu ya kisanduku hicho kuna kichwa kilichochongwa kama konokono. Ndani ya ala imesimama nguzo ndogo isiyo na gundi, imebanwa kati ya uso na mgongo, na chini ya uso imegundishwa boriti ya besi. Kuzunguka uso na mgongo hupita utepe mwembamba wa mbao uliopachikwa kwenye mfereji. Nitauita utepe wa ukingo.

VINAVYOHITAJIKA

- Meza pana iliyotandikwa sponji au blanketi safi, mbali na dirisha na feni.
- Glavu za nitrili. Za pamba huteleza, na nyuzi zake hunasa kwenye mipasuko ya mbao.
- Tochi ndogo yenye mwanga mweupe, na tochi ya mionzi ya urujuanimno pamoja na miwani yake.
- Lenzi ya kukuza mara 10.
- Tepu laini kama ya fundi cherehani, na kalipa (kifaa cha kupimia chenye taya mbili) ya plastiki. Ya chuma iache kwenye droo.
- Kioo kidogo cha daktari wa meno. Kamera ya ndani yenye waya mwembamba, kama ipo.
- Penseli na karatasi. Kalamu ya wino isifike kwenye meza ya ala, hata kwa dakika moja.
- Kamera, rula ya kuweka kwenye picha, na kadi ya rangi.
- Mtu wa pili. Selo haibebwi na mtu mmoja.

Uliza pia kama ala iliwahi kupuliziwa dawa ya wadudu. Makumbusho mengi ya zamani yalitumia aseniki, zebaki na DDT, na sumu hizo bado zimo kwenye mbao na ngozi. Kama hakuna anayejua, vaa glavu na barakoa, na usile wala kunywa chumba hicho.

USIYOFANYA HATA UKIOMBWA

Usilegeze nyuzi zote kwa pamoja. Mkandamizo wa nyuzi ndio unaosaidia kuishika nguzo ya ndani, na ikianguka umepoteza ushahidi wa mahali iliposimama. Usijaribu kuichezea ala "kusikia sauti yake". Usikwangue vanishi, usifute vumbi la ndani, usibandue lebo iliyoinuka pembeni. Kufungua ala ni kazi ya mhifadhi aliyesomea, na hata yeye hufungua kwa sababu iliyoandikwa.

HATUA

1. Soma makaratasi kwanza. Tafuta namba ya usajili, kadi ya zamani, barua za aliyeitoa au kuiuza, na picha zozote za miaka ya nyuma. Picha ya zamani inaweza kukuonyesha daraja au ubao wa vidole ambao haupo tena. Nakili kila dai la kadi kwenye safu yake, ukiandika "kadi inasema". Usilichukue kama ukweli, usilikatae.

2. Iache ala izoee hewa. Ikitoka stoo yenye unyevu mmoja kwenda chumba chenye unyevu mwingine, iache ndani ya sanduku lake saa 24. Mbao ya uso wa fidla ina unene wa milimita 3 hivi, na hupasuka upesi.

3. Piga picha kabla ya kugusa. Mbele, nyuma, pande zote mbili, kichwa pande nne, na kila ufa. Rula iwemo kila picha. Kisha zima taa za juu, uweke tochi pembeni kabisa, mwanga ulale juu ya mbao, upige tena. Mwanga wa kulala hufichua mikwaruzo, viraka na mabonde ambayo mwanga wa kawaida huyameza.

4. Rudi nyuma hatua tatu, utazame umbo. Usipime chochote bado. Je, kichwa ni kikubwa kuliko mwili unavyostahili? Matundu ya f yamekaribia kingo mno? Kiuno kimebanwa au kimefupishwa? Mgongo ni wa duara au ni bapa wenye mkunjo karibu na mabega? Mgongo bapa, mbavu pana na mabega yanayoteremka ni dalili za viola da gamba, ala nyingine ya kale ya upinde, ambayo huwa na nyuzi 6 au 7. Nyingi kati ya hizo ziligeuzwa kuwa selo za nyuzi 4 pale selo ilipotawala. Andika hisia yako ya kwanza, halafu uiache.

5. Pima. Urefu wa mgongo bila kile kiulimi cha juu kinachoshikana na shingo. Upana wa juu, wa kiunoni na wa chini. Kimo cha mbavu sehemu sita. Pima pia kutoka ukingo wa juu wa uso hadi usawa wa vile vijino vya ndani vya matundu ya f, maana hapo ndipo daraja hukaa. Halafu pima urefu wa shingo kutoka ukingo uleule hadi mwanzo wa kisanduku cha vigingi.

Kwa fidla ya leo, mgongo huwa karibu milimita 355, shingo 130 na sehemu ya daraja 195, yaani uwiano wa 2 kwa 3. Kwa selo ni karibu 280 kwa 400, uwiano wa 7 kwa 10. Ukikuta uso wa umbo la kale lakini uwiano ni wa leo kabisa, jua kuna mtu aliurekebisha.

Kosa la kila siku: kutoandika ulipima kwa tepu au kwa kalipa. Tepu inapanda tumbo la mgongo, kalipa inakwenda moja kwa moja, hivyo tepu hutoa namba kubwa zaidi. Andika kifaa kando ya kila namba.

6. Chunguza shingo na kichwa. Hapa tulia, maana hapa ndipo ala husema mengi.

Mafundi waliobadilisha shingo hawakutupa kichwa, kwa kuwa kichwa ni kama saini ya aliyekichonga. Walikikata pale kwenye kisanduku cha vigingi, wakapandikiza shingo mpya. Kiungo chake kiko kwenye mashavu ya kisanduku. Selo moja niliyokabidhiwa mwanzoni, kadi ilisema "kichwa na shingo vya asili". Niliweka tochi karibu iguse mbao. Pale shavuni mistari ya mbao ilikatika ghafla, kama khanga iliyoungwa na fundi asiyejali maua. Juu ya kiungo mistari ilikuwa mipana na imelala. Chini yake myembamba, imesimama. Kichwa na shingo vilikuwa vya miti miwili, na kadi ilikuwa imekosea muda wote ule.

Jihadhari na kiungo cha uongo. Viwanda vya karne ya 19 vilichora mstari shavuni kwa ncha ya kisu ili fidla mpya ionekane ya zamani. Dawa ni kufuata nyuzinyuzi za mbao: zikipita moja kwa moja chini ya mstari, hapo hakuna kiungo.

Kisha hesabu matundu ya vigingi, yale yaliyo wazi na yale yaliyozibwa. Tundu lililozibwa ni duara la mbao yenye rangi tofauti kidogo, na ndani ya duara utaona vinyweleo vya mbao vikikutazama, si kulala. Vigingi 4 na viduara 2 vilivyozibwa visivyolingana na vigingi vya sasa: hapo anza kufikiria ala ya nyuzi nyingi zaidi. Lakini tundu lililozibwa likiwa mahali palepale pa kigingi cha sasa, mara nyingi ni matengenezo tu, tundu lilipanuka kwa matumizi.

Hapa nina ombi kwa sisi tunaoandika Kiswahili. Ubao wa vidole ukiwa mweusi, usikimbilie kuandika "mpingo". Mpingo wetu wa Kilwa na Nachingwea ni mti mwingine, unaojulikana zaidi duniani kwa klarineti na zumari za okestra. Weusi wa fidla kwa kawaida hutoka kwenye miti ya jamii nyingine kabisa, na ubao wa vidole wa kale mara nyingi ulikuwa mbao nyepesi iliyovishwa juu tu. Andika "mbao nyeusi, aina haijapimwa".

7. Fuata kingo na utepe wake. Zunguka ala yote kwa lenzi, polepole, sentimita kwa sentimita. Ala iliyopunguzwa ukubwa hujifichua hapa. Utepe unakatika na kuanza tena kwa upana mwingine. Pembe zinakuwa butu. Katikati ya mgongo kuna kiungo ambacho pambo halivuki. Mafundi wa Cremona walizoea kupigilia vijiti vidogo vya mbao juu na chini ya mgongo, karibu na utepe au vikikatwa nusu na utepe wenyewe. Cha chini kikiwepo na cha juu hakipo, jiulize sehemu ya juu ilikwenda wapi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni selo ya Andrea Amati wa Cremona iitwayo King, yaani Mfalme, iliyoko National Music Museum mjini Vermillion, South Dakota, Marekani. Ni ya karne ya 16, na ilipambwa kwa nembo na maandishi ya mfalme Charles IX wa Ufaransa. Ilizaliwa kubwa zaidi, na inaaminika ilikuwa na nyuzi 3. Mwaka 1801 ilipunguzwa huko Paris ili iwe selo ya kisasa. Aliyeikata hakuweza kuficha kazi yake, kwa sababu michoro ya mgongoni ilikatwa pamoja na mbao: sura ya mwanamke anayewakilisha Haki imepoteza sehemu ya katikati ya mwili. Ukiona pambo lililokosa kipande, umepata ramani ya mbao iliyoondolewa. Pima nafasi hiyo, usiipige picha tu.

Kwa nini walikata? Selo za mwanzo zilikuwa kubwa, mgongo ukikaribia sentimita 80, kwa kuwa uzi mtupu wa utumbo ulihitaji urefu ili utoe besi. Nusu ya pili ya karne ya 17 zikaja nyuzi zilizoviringiwa waya, besi ikapatikana kwenye mwili mdogo, na mikono ya wachezaji ikapumua. Basi. Zaidi ya hapo utayasoma vitabuni.

8. Tazama uso, na usome wadudu. Vitundu vidogo vya duara ni milango waliyotokea wadudu wabunguao mbao. Vyenyewe havisemi mengi. Lakini ukiona njia yao ikiwa wazi juu ya mbao, kama kijito kinachotambaa badala ya kitundu, simama hapo. Mdudu hupenda kula akiwa amefichwa ndani. Njia yake ikiwa nje, mara nyingi kuna mtu aliyeranda mbao baada ya mdudu kuondoka, au kipande hicho kilikatwa kutoka ubao mwingine. Nimeona njia ya namna hiyo ikifika kwenye kiungo na kuishia hapo, na upande wa pili wa kiungo mbao ni safi kabisa. Vipande viwili, maisha mawili.

Tazama pia vanishi iliyolika. Kibao cha kidevu kilianza kutumika karibu 1820, na mpiga fidla Mjerumani Louis Spohr ndiye anayehesabiwa kukibuni. Kabla ya hapo kidevu na jasho viligusa mbao yenyewe, upande wa kulia au wa kushoto wa mkia. Mabaka hayo yanaeleza jinsi ala ilivyoshikwa.

9. Chungulia ndani. Pitisha mwanga kwenye tundu moja la f, utazame kwa jingine ukitumia kioo. Kamera ya waya ipite bila kugusa kingo za tundu. Ukisikia upinzani, toa. Tafuta viraka, vijipande vilivyobandikwa juu ya nyufa, alama ya boriti ya zamani kando ya ile ya sasa, na maandishi ya penseli. Mafundi wengi walisaini na kuandika mwaka ndani walipomaliza matengenezo, na tarehe hiyo ni ya dhahabu. Kwenye pande la mbao la juu, shingo inapoingia, tafuta mashimo ya misumari au kutu. Shingo za kale zilipigiliwa misumari kutokea ndani. Zilizofuata zilipachikwa kwenye mfereji uliochongwa.

Gundi nayo inasema. Gundi ya ngozi za wanyama huwa ya kahawia, hupasukapasuka, na huyeyuka kwa maji vuguvugu, ndiyo maana mafundi waaminifu wameitumia miaka yote hii. Gundi nyeupe ya seremala au epoksi inaonyesha mkono wa karibuni, na inaniuma kila ninapoikuta, maana kuitoa bila kuondoka na mbao ni vigumu mno. Iandike kwa herufi kubwa kwa ajili ya mhifadhi.

10. Mionzi ya urujuanimno. Giza, miwani, dakika chache tu. Vanishi ya zamani mara nyingi hung'aa kwa rangi ya maziwa yenye unjano au ukijani; sheliki, vanishi itokanayo na utomvu wa wadudu, huelekea chungwa; rangi za kufichia viraka mara nyingi huonekana madoa meusi. Linganisha kichwa na mwili, uso na mgongo. Mng'ao tofauti ni sababu ya kuuliza, bado si jibu, kwani huenda upande mmoja ulipakwa upya tu.

11. Sasa soma lebo. Nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwani ukiisoma mwanzo macho yako yatatafuta kuithibitisha. Lebo zenye jina la Stradivari zilibandikwa kwenye fidla nyingi mno za kiwandani za Mittenwald na Markneukirchen (Ujerumani) na Mirecourt (Ufaransa), kama jina la mtindo. Ikiwa na jina la nchi kwa Kiingereza, kumbuka kwamba sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ndiyo iliyolazimisha bidhaa kuandikwa zilikotoka. Angalia pia kama karatasi inakaa juu ya kiraka: kiraka kilitangulia, lebo ikafuata.

12. Panga awamu. Chora jedwali la safu tatu: nilichokiona, ninachodhani kinamaanisha, na kiwango cha uhakika (hakika, huenda, sijui). Kisha panga matukio: kujengwa, badiliko la kwanza, la pili, matengenezo ya karibuni. Kila mstari uwe na namba ya picha. Mwisho weka jina lako na tarehe. Mtu wa miaka 50 ijayo atataka kujua nani aliona.

UKIKWAMA

Vipimo vyangu havilingani na kadi. Angalia kwanza tepu na kalipa. Kisha angalia kama kadi ilihesabu kile kiulimi cha juu. Bado hazilingani? Andika zote mbili, na ya kadi usiifute.

Kuna kitu kinagonga ndani. Acha kuigeuza. Ilaze mgongo chini, muite mhifadhi. Inaweza kuwa nguzo, au kiraka kilichobanduka.

Siwezi kujua kama imepunguzwa. Andika hivyohivyo. Kama taasisi ina uwezo, omba picha ya CT hospitalini. Selo ya King yenyewe imepigwa CT, na viungo visivyoonekana kwa jicho vikaonekana.

Wamepima pete za mti, sasa tunajua mwaka? Mnajua mwaka ambao mti ulikuwa bado umesimama, si zaidi. Fidla iitwayo Messiah, inayohesabiwa kuwa ya Stradivari na iliyoko Ashmolean Museum, Oxford, ina lebo ya 1716 na ilizua ubishi mkubwa kama kweli ni yake. Pete za mwisho zilizosomwa kwenye uso wake ni za miaka ya 1680. Hilo linaruhusu 1716, lakini peke yake halimtaji fundi.

Kuna kipande cheupe, ni pembe? Usikwangue wala usichome kwa sindano. Piga picha kwa lenzi, andika "inafanana na pembe za ndovu", na ala isivuke mpaka kabla afisa wa vibali hajaiona.

Ala yangu si ya Ulaya, ni zeze la Kigogo, orutu ya Kiluo au endingidi ya Uganda. Hatua ni zilezile, maeneo ya kutazama ndiyo hubadilika. Anza na ngozi: ya kenge ina magamba madogo yaliyopangana, ya mbuzi ina vitundu vya manyoya. Matundu ya misumari au vijiti yasiyotumika ukingoni yanaonyesha ngozi ya pili au ya tatu. Tazama uzi: katani, waya au nailoni, na kama mkwaruzo kwenye kijiti unalingana na unene wa uzi wa sasa. Uzi mwembamba wa nailoni ukikaa ndani ya mfereji mpana uliochimbwa na katani, pima mfereji. Na kabla ya kufunga jedwali, tafuta mpigaji mzee wa ala hiyo, umwonyeshe picha. Muulize uzi huu hufungwaje, si kama ni wa asili.